Hesabu ya Matumbo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliokalia matofali, umeegemea ukuta wa duka la dawa, na makalio ya watu wazima yameulainisha mpaka nzi akitua anateleza. Hapo ndipo Mzee Birika anapoweka jiko lake la mkaa na lile birika lililompa jina, na hapo ndipo mambo yote ya mtaa huamuliwa kabla wenye mamlaka hawajanawa uso. Lakini asubuhi hiyo jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati na mtaa bado ulikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Hakuna aliyefagia, hakuna aliyegombana na mkewe. Ng'ambo ya njia, ndani ya nyumba ndefu ya wapangaji, redio ya mtu ilikuwa imewashwa bila stesheni, shwaaa, shwaaa, na hakuna mkono ulioinuka kuirekebisha. Pembeni ya benchi, kwenye kamba za Dobi, mashuka yalining'inia kutoka nguzo hadi nguzo, mengi kuliko siku zote, yakijaa na kunywea taratibu kana kwamba yanapumua.

Dobi mwenyewe alikuwa ameyapa mgongo mashuka yake. Mtu mwembamba, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, na asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuogopa kama yeye. Jana mchana nusu ya mtaa ilikula wali na mchuzi wa nyama kwenye jiko la Shangazi. Jioni matumbo yakaanza. Na huyo ambaye mtaa mzima humwita Shangazi, kwa Dobi ni dada, tena dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akimlisha kutoka sufuria ileile anayolishia watu. Leo Bwana Afya alikuwa anakuja kuuliza watu wangapi wameugua. Wakiwa wachache, ataacha onyo na kwenda zake. Wakiwa wengi, jiko linafungwa, na Shangazi hana kazi nyingine duniani.

Tena lilikuwepo jingine ambalo benchi halikulijua. Jana jioni, wanaume wawili walipoanza kupiga kelele kwamba watakwenda kuvunja sufuria za mchawi yule, Dobi alimshika dada yake mkono, akamrudisha chumbani kwake mwenyewe kwenye ile nyumba ndefu, akamwambia asitoe sauti hata mtu akigonga, halafu akapiga kufuli kwa nje. Mlango wenye kufuli kwa nje, nani ataugonga? Kisha akatangaza kwamba dada amesafiri, kaenda kwa mawifi zake. Jambo moja tu lilimkaa kooni. Wakati anafunga, dada alimwambia, "Mdogo wangu, mbona na mimi tumbo linanisokota?" Naye akamjibu, "Hiyo ni hofu, dada. Lala."

Alfajiri alipopita kukusanya mabeseni ya nguo, alitega sikio mlangoni. Hakusikia mtu akilia wala kuita. Akafurahi.

— Haya semeni, — Mzee Birika alianza, akimimina kahawa. — Bwana Afya akifika hapa ana swali moja tu. Wangapi? Tumwambie wangapi?

— Watatu, — Dobi akawahi.

— Watatu! — Huyo alikuwa Bomba, muuza maji, jamaa mwenye kifua kama mlango wa ghala, mkokoteni wake wa madumu umesimama mbele yake. — Dobi, kaka yangu, hebu geuka. Nyuma yako kuna mashuka ya kambi ya jeshi.

— Mashuka ni mashuka. Mtu akifuliwa shuka lazima awe mgonjwa? Huu ni msimu wa jasho.

— Jasho la rangi gani lile nililoliona kwenye beseni?

Benchi likacheka. Kicheko kikavuka njia, kikagonga ukuta wa nyumba ndefu, kikarudi peke yake. Siku nyingine kingepokelewa na wanawake wanaochambua mchele vizingitini, na mmoja wao angerusha tusi la kirafiki. Leo vizingiti vilikuwa vitupu. Kuku alikuwa amesimama kwenye mlango mmoja ulioachwa nusu wazi. Akatazama ndani, akainua mguu, akaingia. Hakuna aliyemfukuza.

— Mnabishana kienyeji, — ilisema sauti kutoka dirisha la duka la dawa. Kichwa kikatoka, kikafuatiwa na kifua chenye koti jeupe. Huyo ndiye Daktari Nusu. Anauza dawa, hajasomea dawa, ila amewahi kuhudhuria semina, na semina hiyo haijawahi kumtoka mdomoni. — Mimi nina hesabu ya kisayansi. Tangu jana jioni, watu tisa wamekuja dirishani kwangu kununua zile pakiti za kuharisha, za kuchanganya na maji.

— Basi ni tisa, — alisema Bomba.

— Tisa si tisa.

— Tisa isipokuwa tisa ni nini, Daktari?

— Ni kivuli. Tulifundishwa. Kila mgonjwa anayekuja dirishani, nyuma yake wako wengine wasiokuja. Mmoja hana nguvu za kutembea. Mmoja ana aibu. Mmoja anaamini tangawizi. Mmoja ameshalala na hajui kwamba anaumwa sana. Wewe unamwona aliyesimama mbele yako, humwoni aliye nyuma. Kwa hiyo unachukua waliokuja, unazidisha.

— Unazidisha kwa ngapi?

Daktari Nusu akakohoa, akafuta dirisha kwa kiwiko.

— Hapo pana utata. Mwalimu alipoandika ile namba ubaoni nilikuwa nimetoka nje kidogo.

— Kufanya nini?

— Tumbo lilinisumbua. Chakula cha semina.

Mzee Birika akaweka birika chini ili asilimwage. Bomba akapiga mapaja yake. Hata Dobi akacheka, ingawa kicheko chake kiliishia kwenye meno.

— Niliporudi, — Daktari Nusu akaendelea kwa heshima zake zote, — ubao ulikuwa unafutwa. Niliiona tatu. Pembeni yake kulikuwa na kitu cha mviringo. Inawezekana ilikuwa sifuri, inawezekana lilikuwa doa.

— Yaani wagonjwa ni ishirini na saba, — alisema Bomba polepole, — au ni mia mbili na sabini.

— Ndiyo.

— Na mtaa huu una watu mia mbili?

— Nimeshasema pana utata.

— Wagonjwa wanawazidi watu! — Dobi akadakia. — Mnaona? Hiyo ndiyo sayansi yenu. Mimi nasema watatu, nao nawajua kwa sura. Hao wengine wa Daktari wako wapi? Nani amewaona?

— Wasioonekana ndio ninaowazungumzia mimi.

— Basi mwachie Mungu, usimpe Bwana Afya.

Redio ng'ambo ikabadili mkoromo wake, ikalia kwa juu kama mtu anayetafuta pumzi, ikarudia shwaaa. Wote wakageuka, kila mmoja akajifanya alikuwa anatazama kitu kingine.

— Sikilizeni mimi, — Bomba akasema. — Mimi nahesabu kwa madumu. Mwenye kuharisha ataoga, atafua, atadeki, atakunywa. Nyumba ya madumu mawili leo ikinunua sita, humo muna mtu ameshikwa. Leo nyumba za namna hiyo nimezipata tano.

— Watu watano basi, — alisema Dobi.

— Nyumba tano. Ndani ya nyumba wako wangapi? Mama yule wa kona ana watoto sita. Wote au mmoja? Sikuuliza, alinyoosha mkono tu kupitia upenyo wa mlango. Mkono ulikuwa umelowa. Nikamwachia maji nikaondoka.

— Na ambao hawakununua kabisa? — Mzee Birika akauliza.

— Kina nani?

— Hapo nyumba ndefu. Kawaida unaingia na mkokoteni mpaka uani, unachelewa kutoka, unakunywa chai ya watu. Leo nimekuona unaingia na kutoka.

Bomba akakuna shingo.

— Leo hawakufungua. Nilipita mlango hadi mlango, "Maji! Maji!" Upande wa kulia mmoja tu alifungua. Wa kushoto hakuna hata mmoja.

— Kwa hiyo uliwahesabu vipi?

— Mlango uliofungwa nauhesabu sifuri, mzee. Mtu asiyefungua hayupo. Katika biashara yangu, asiyenunua maji si mtu.

— Sawasawa! — Dobi akapiga ubao kwa kiganja. — Huyo ndiye mtu mwenye akili hapa. Mlango uliofungwa ni sifuri. Watu wako makazini.

— Wote? — aliuliza Mzee Birika. — Yule mshona viatu hajawahi kwenda kazini mapema tangu nimjue. Na redio hiyo ni yake.

— Ameiacha inawaka. Watu husahau.

— Mtu bahili kama yule?

Dobi akainamia kikombe chake, akanywa funda moja.

Daktari Nusu, ambaye hawezi kuona mtu mwingine akisikilizwa, akatoka kabisa dukani, akaja kukaa ukingoni mwa benchi na kupokea kikombe cha kahawa.

— Tena kuna swali ambalo hamjaliuliza. Nani kasema ni chakula? Inaweza kuwa maji.

Bomba akageuka na kifua chake chote.

— Rudia.

— Nasema kisayansi tu. Maji yako unayachota wapi?

— Kule kwenye bomba la siku zote!

— Na juzi bomba lilikatika, ukapotea nusu siku, ukarudi na madumu yamejaa. Yalijazwa wapi?

— Eeeh! — Dobi akaruka kama aliyetupiwa kamba akiwa shimoni. — Yalijazwa wapi, Bomba? Sema! Dada yangu alipika kwa maji ya nani? Maji yako hayo!

— Ya kwangu yanachemka kwenye sufuria, wewe! Mchuzi unachemka au hauchemki? Na hii kahawa unayokunywa ni maji ya nani? Mbona hufi?

Wote wanne wakatazama vikombe vyao. Kila mtu akaweka chake chini kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto.

— Tusubiri, — alisema Daktari Nusu kwa sauti ndogo. — Ugonjwa una muda wake wa kujificha. Mtu anatembea, anacheka, anakaa kwenye benchi, na kumbe ameshaingia kwenye hesabu. Bado hajaambiwa tu.

Mkono wa Bomba ukaenda tumboni. Mzee Birika akashika lake. Daktari Nusu, ambaye ndiye aliyelianzisha, akashika kwa mikono miwili. Kwa muda benchi zima lilikaa limejishika hivyo, likisikiliza ndani, kama watu wanaosubiri hodi.

— Mimi niwaambie kitu, — alisema Mzee Birika. Huyu mzee huongea kidogo, na akiongea hamwangalii mtu, anaangalia makaa. — Nimemwaga kahawa hapa miaka mingi. Benchi hili halijawahi kujaa. Daima kuna pengo. Leo hayupo fulani, kesho hayupo mwingine. Akirudi shavu limeingia ndani, anaomba kahawa bila maneno. Simuulizi. Yeye hasemi, maana nani anayesimulia habari za chooni? Lakini najua. Kila siku ya Mungu kuna mtu wa mtaa huu amejikunja chumbani peke yake kwa kitu alichokula. Kila siku. Kwa hiyo mkiniuliza wangapi wameumwa na chakula cha Shangazi, mimi nauliza kwanza, wangapi wangeumwa hata angeamua kutokupika?

Dobi akamkodolea macho kama aliyeshushiwa neema.

— Mzee! Umeona? Hao ni wa kila siku! Hawamhusu dada yangu!

— Sijasema hawamhusu. Nimesema sijui wepi ni wa kwake na wepi ni wa kila siku. Na hao wa kila siku nani aliwahi kuwahesabu?

— Huo mpango wote ni mmoja, — Bomba akasema, macho yamemtoka. — Mimi naona hivi. Ugonjwa ni mmoja tu mtaani hapa. Unakaa kwa mtu mmoja, ukimchoka unahamia kwa jirani. Miaka yote tunaupokezana bila kujua, na hilo ndilo pengo la Mzee Birika. Sasa jana umezaa.

— Ugonjwa hauzai, Bomba.

— Tisa wako wamezaa ishirini na saba mbele ya macho yako, Daktari! Usiniambie hauzai!

Hapo tena kicheko kingefaa, lakini harufu iliingia katikati. Ilikuja chinichini kutoka ng'ambo, ikapita mashuka, ikakaa puani kwa kila mmoja. Harufu ya sufuria iliyokauka, chakula kilichoshika mpaka chuma chenyewe kinalia.

— Sufuria ya mtu inaungua, — alisema Mzee Birika.

— Wanapika, — alisema Dobi.

— Nani? Tumekubaliana hawapo. Milango imefungwa. Sifuri inapikaje?

Hakuna aliyesimama. Ndiyo ajabu ya benchi lile. Watu wake wanaweza kuhamisha mlima kwa maneno, ila kuvuka njia hakuna aliyevuka. Kila mmoja alimtazama mwenzake aone kama atainuka, na kwa kuwa hakuna aliyeinuka, kila mmoja akaona basi si jambo la kuinukia.

Dobi ndiye aliyetaka kuinuka kuliko wote. Harufu ile ilimrudisha jikoni kwa dada yake. Alikumbuka anavyokula yule mwanamke. Akiwa anapika anaonja tu, ncha ya ulimi. Anakula wa mwisho, wateja wote wakishaondoka, jua likiwa limeshainama, anakwangua chini ya sufuria ule wali ulioshika na mchuzi uliobaki umepoa. Wa kwanza kula alikula cha moto. Dada alikula kilichokaa mchana kutwa kwenye joto. Kama kilikuwa na kitu, basi kitu chenyewe kilikuwa chote chini, kwake.

Hiyo ni hofu, dada. Lala.

Angeweza kuvuka. Lakini akivuka, benchi litamwona anafungua kufuli la mtu aliyesafiri. Litajua amedanganya. Na mtu aliyedanganya kuhusu dada, nani atamwamini akisema watatu? Bwana Afya akifika ataambiwa, huyo ndiye aliyemficha mpishi. Na jiko litakuwa limekwisha. Ngoja Bwana Afya aje, aandike, aondoke. Ndipo atakwenda. Alijishauri hivyo, akajibu mwenyewe sawa, na moyo wake ukakataa kutia sahihi.

— Jamani tufunge mjadala, — alisema. — Namba moja. Daktari, shusha.

— Siwezi kushuka chini ya ishirini. Nikisema wachache hawataniletea pakiti za kutosha, nimebakiwa na chache.

— Kwa hiyo unapandisha kwa ajili ya duka!

— Na wewe unashusha kwa ajili ya jiko!

— Na mimi, — Bomba akasema waziwazi, — nitakubali namba yoyote, mradi neno maji lisitajwe.

Wakaivuta ile namba kama wanaonunua nyanya. Ishirini. Watano. Kumi na tano, tena kwa sababu ni wewe. Wanane, nisione mtu analia. Mwisho ikaangukia mahali.

— Saba hivi, — alitangaza Bomba. — Watu saba hivi. Imekwisha.

— Hiyo "hivi", — Mzee Birika akauliza, akiyachochea makaa, — ndani yake muna watu wangapi?

Kabla hajajibiwa, mashuka yalitengana katikati, na mtu akatokea kati yake. Bomba alishtuka hata akakamata mkokoteni. Kumbe ni mwanamke tu, wa makamo, kitambaa kimefungwa haraka kichwani, mkononi jagi tupu. Macho yake yalikuwa na wekundu wa kukosa usingizi.

— Shikamoo mzee. Hamjambo kaka zangu.

— Marahaba, mwanangu. Karibu. Sura ngeni hii.

— Mimi mpangaji mpya. Nimehamia jana jioni hapo nyumba ndefu. Nimepita huku nyuma ya mashuka, kule mbele pananuka moshi. Nilikuwa natafuta maji.

Bomba, aliyefurahi kuona mtu anayenunua, akalishusha dumu upesi.

— Karibu sana mtaani, dada. Ulilalaje?

— Sikulala. Majirani zenu, samahani kusema, wana vituko.

— Chumba chako kipi?

— Cha pili kutoka mwisho, karibu na tangi.

— Aaa, — Bomba akacheka kwa ukarimu. — Basi wewe una bahati. Chumba cha mwisho, kinachopakana na chako, ni cha Shangazi wetu, mpishi. Hana makelele. Tena kwa sasa utapumzika, amesafiri tangu jana jioni. Mdogo wake mwenyewe huyu hapa.

Mwanamke akamgeukia Dobi. Alimtazama kwa muda, si kwa ubaya, kama mtu anayetafuta mahali pa kuliweka jambo.

— Amesafiri?

— Amesafiri, — Dobi akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine aliyekaa nyuma yake.

— Basi mnisamehe, mimi mgeni, labda sijaelewa nyumba ilivyo. Kama amesafiri, aliyekuwa ananigongea ukuta ni nani?

Redio ilikuwa imezima. Hakuna aliyejua ilizima saa ngapi. Bomba alishika dumu hewani, maji yakamwagika juu ya kiatu chake naye hakuyaona. Mzee Birika ndiye aliyeuliza, polepole.

— Aligongaje, mwanangu?

— Taratibu. Bila neno. Mwanzo alikuwa anagonga usawa wa kichwa. Nikafikiri anapigilia msumari. Baadaye mlio ukashuka, usawa wa kitanda. Nikapiga na mimi, nikauliza nani, asinijibu. Kulipokucha ulikuwa chini kabisa, karibu na sakafu. Nikasema ni panya. — Alilihamisha jagi mkono mwingine. — Hata muuza maji alipoita niliogopa kufungua. Mimi nimetoka sasa hivi kwa sababu umeacha.

Dobi alikuwa ameshavuka njia.

Hawakuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia na kandambili moja, akachana shuka lake mwenyewe katikati, akapita kizingiti cha nyumba ndefu akiita, "Dada! Dada!" Benchi lote likainuka nyuma yake, hata Mzee Birika, aliyeacha makaa na birika bila mtu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Daktari Nusu alikwenda hatua chache, akageuka, akaruka kupitia dirisha lake badala ya mlango, akatoka amekumbatia pakiti kifuani.

Korido ya nyumba ile ni ndefu na haina taa. Milango huku, milango huku, yote imefungwa. Moshi wa ile sufuria ulikuwa umelala hewani usawa wa kiuno. Harufu nyingine ilikuwa chini yake, na kila mmoja aliijua na hakuna aliyeitaja. Dobi alifika mlango wa mwisho, akaanza kuhangaika na ufunguo.

— Ufunguo umeutoa wapi, Dobi? — Bomba aliuliza. Kisha akaelewa, naye hakuuliza tena. Akanyoosha mikono yake mikubwa akalishika kufuli lisitikisike.

— Dada, ni mimi. — Dobi alipiga mlango kwa ngumi. — Nijibu. Nimekosea. Nijibu.

Akapiga tena, ngo, ngo, ngo, na wote wakazuia pumzi wasikilize.

Sauti ikajibu. Ngo.

Ila haikutoka hapo. Ilitoka mlango wa nyuma yao, wa mshona viatu. Mwanamke mgeni alirudi nyuma akagonga mgongo ukutani. Kabla hawajageuka vizuri ikatoka nyingine, mlango wa pili kushoto, dhaifu, kama kucha. Kisha wa tatu. Kisha mbali kule mwanzo wa korido, mahali walipopita wakikimbia bila kutazama. Kila mlango ambao Bomba aliuhesabu sifuri ulikuwa unabisha hodi kutoka ndani, taratibu, chini karibu na sakafu.

Mzee Birika akaanza kuihesabu milango kwa kidole, midomo ikicheza, akapotea katikati, akaanza upya. Daktari Nusu alitazama pakiti zilizo kifuani mwake, akatazama korido.

— Hazitoshi, — alisema. — Bomba. Maji. Lete yote.

Bomba hakusogea mpaka kufuli likafunguka mikononi mwake. Dobi akausukuma mlango. Ukaingia kidogo ukagoma. Kulikuwa na kitu nyuma yake, kizito na laini, kimelala. Hakuthubutu kusukuma tena. Alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye upenyo, akapapasa gizani mpaka akagusa nywele, kisha paji la uso lililokauka kama karatasi.

— Dada.

Kile kitu kikavuta pumzi. Kikajisogeza, shubiri moja, kwa shida, na mlango ukafunguka kiasi cha uso. Macho ya Shangazi yalikuwa yamezama ndani, midomo imepasuka. Hakumtazama mdogo wake. Alitazama juu ya bega lake, kwenye lile kundi la watu waliojaa mlangoni kwake, kama anavyowatazama kila mchana wakija na njaa, na sauti ikatoka, kavu, ya mpishi anayetaka kujua apakue kiasi gani.

— Mko wangapi?

Bomba alifungua mdomo amjibu. Korido nzima bado ilikuwa inagonga. Akaufunga.